Kati ya Mbili na Nane

Mama yangu hupima dawa kwa shavu. Mpe kichupa chochote cha sindano. Kabla hajasoma jina wala tarehe, atakiweka shavuni, chini kidogo ya jicho, atulie kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbaya. Nilipokuwa mdogo nilidhani wauguzi wote hufundishwa hivyo. Nikawa namwiga. Nyuma ya zahanati tulikuwa na chupa tupu za penisilini za kuchezea, mimi sista, wenzangu wagonjwa, na hakuna aliyedungwa kijiti kabla chupa haijapita shavuni kwangu.

Sa hii nina miaka 26, naishi Umoja, na nalipwa kufanya kitu kilekile, ila kwa mashine. Niko kwa ghala moja la dawa huku Industrial Area. Ndani ya friji zetu kuna vipimajoto vidogo, vinaandika joto mchana na usiku, na mimi ndiye nasoma. Namba zangu ni mbili: 2 na 8. Dawa ikishuka chini ya nyuzi 2 inaweza kuganda, ikipanda juu ya 8 saa yake ya kuharibika imeanza kukimbia. Joto likivuka mpaka, simu yangu inalia, hata iwe saa tisa usiku. Nimewahi kutoka kwa harusi ya rafiki yangu katikati ya keki kwa sababu ya friji namba nne. Watu wakadhani nimeachwa.

Kazi hii sikuiota. Nilisoma kemia, na digrii ya kemia Nairobi haina foleni ya waajiri mlangoni. Lakini nimekuja kuipenda, kwa sababu vitu vingi vinavyolala kwa zile friji ni peptidi, na mimi na peptidi tuna historia.

Peptidi ni shanga zilizotungwa. Nimejaribu kuieleza kwa njia nyingine na nimeshindwa. Kila ushanga ni asidi amino, na mwili una aina 20 za kawaida. Ukizitunga moja baada ya nyingine unapata uzi, na mpangilio wa rangi ndio unaoamua uzi ule utafanya nini. Badilisha ushanga mmoja, unaweza kupata dawa nyingine kabisa, au usipate kitu. Uzi ukiwa mrefu sana watu huanza kuuita protini, ingawa mpaka wenyewe hauna askari. Insulini ina shanga 51 na kila mtu anaiita anavyotaka.

Zile sindano za kupunguza mwili ambazo kila mtu anaongelea ni peptidi pia. Mwili wako una homoni inayouambia ubongo umeshiba, lakini ile ya asili hukatwakatwa ndani ya dakika mbili hivi. Wanakemia wakabadilisha ushanga mmoja pale ambapo mkasi wa mwili hupenda kukatia, wakauning'iniza mkia wa mafuta ili ushikilie protini za damu, na sasa dozi moja inakaa karibu wiki nzima. Hiyo ni kazi safi, sibishi. Huwa naziangalia zile boksi zikitoka kwenda Lavington na Karen, kila moja na barafu yake, kila moja na kipimajoto chake, na nafikiria friji moja ya gesi huko nyumbani.

Nyumbani ni Kilifi, lakini si ile ya baharini unayoona kwa Instagram. Ni ndani, kupita Ganze, mahali ambapo jua la Machi linakausha leso kabla hujamaliza kuanika ya pili. Mama alikuwa muuguzi peke yake wa zahanati. Watu wote walimwita Sista, hata baba yangu akikasirika.

Kulikuwa na friji moja, ya chanjo. Haikutumia stima kwa sababu stima haikuwa imefika. Ilitumia gesi. Mtungi ukiisha, unaandika barua, unangoja gari. Machi 2011 gari halikuja kwa siku tisa.

Usiku wa mwisho wa zile siku, mke wa mjomba alishikwa na uchungu. Sisi tunamwita Anti. Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na mwembe mmoja. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mimi nilikuwa darasa la sita na niliitwa kushika tochi, kwa sababu taa ya chemni ilikuwa inatoa moshi na hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa macho.

Mtoto alitoka vizuri, msichana, akalia. Kondo la nyuma likatoka. Halafu damu haikukoma.

Hapa itabidi nikueleze kitu, kwa sababu usiku ule mimi sikukijua. Kondo likibanduka, linaacha mishipa wazi ndani ya tumbo la uzazi. Kinachoifunga ni tumbo lenyewe kujikaza, misuli inakaba mishipa kama ngumi inayofumbwa. Anayetoa amri ya ngumi kufumbwa ni peptidi ya shanga tisa tu, inayotoka kwa ubongo: oksitosini. Ushanga wa kwanza na wa sita zina salfa, na salfa hizo mbili hushikana mikono, kwa hiyo shanga sita zinakuwa pete na tatu zinabaki mkia. Ndiyo hiyo tu. Mwaka 1906 Henry Dale, Mwingereza, aligundua kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya chini ya ubongo hufanya tumbo la paka kujikaza. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud huko Marekani aliitunga mwenyewe maabarani, shanga kwa shanga, homoni ya kwanza ya peptidi kuwahi kutungwa na binadamu. Miaka miwili baadaye akapewa Nobeli. Tangu hapo hatuhitaji tezi ya mnyama yeyote. Iko kwa kichupa, na mama akishajifungua anadungwa ya paja.

Mama alivunja kichupa cha kwanza. Lakini kabla ya kukivunja alikiweka shavuni. Nilimwona, mimi ndiye niliyekuwa na mwanga. Alikiweka, akakaa nacho zaidi ya kawaida, akaniangalia mimi au akaangalia tochi, sijui, halafu akakivunja na kudunga.

Akasugua tumbo. Akadunga cha pili. Akasugua, akasema, "Jikaze, jikaze, jikaze," na mimi nikadhani anamwambia Anti. Leso ya kwanza ikajaa, ikaja ya pili. Mjomba akakimbia kuamsha mwalimu mwenye pikapu. Walipoondoka, mama alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari, mikono yote miwili juu ya tumbo la Anti, na barabara ile si barabara.

Anti hakufa. Hospitalini waliokoa maisha yake kwa kutoa mji wa mimba. Alikuwa na miaka 22. Baada ya miaka mitatu mjomba alioa mke wa pili, na hakuna aliyesema kwa nini kwa sababu hakuna aliyehitaji kuambiwa. Binamu yangu yule wa usiku ule sasa ana miaka 14 na anacheza voliboli vizuri kuliko wavulana.

Mama hakuwahi kuongea juu yake. Lakini kila Ijumaa, miaka yote, anapeleka kitu chini ya mwembe: unga, samaki, kitambaa. Anti anasema, "Asante, Sista," na mama anarudi haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Chuo, mwaka wa pili, mhadhiri wetu wa baiokemia alikuwa akieleza vile peptidi huharibika ndani ya maji. Alisema kwa haraka, kama mtu anayetaka kwenda lanchi, kwamba joto linalegeza daraja la salfa. Pete inafunguka, salfa inashika mkono usio wake, nyuzi zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe. Halafu akasema kitu ambacho kiliniondoa darasani kabisa, ingawa mwili wangu ulibaki kwa kiti: ukiangalia kwa macho huoni tofauti. Hakigeuki rangi. Hakinuki. Kichupa kinabaki safi kama maji ya mvua.

Akatoa mfano. Oksitosini.

Nilianza kuhesabu siku tisa. Nikakumbuka shavu.

Miaka minne sikumwambia mama. Ningeanzaje? "Shikamoo mama, nadhani sindano yako ilikuwa maji"? Badala yake nilisoma. Nilisoma vile mtu husoma meseji za zamani za mtu aliyemuacha, kutafuta ni wapi mambo yangeweza kwenda vingine.

Na nilipata vitu viwili.

Cha kwanza kinaitwa kabetosini. Ni oksitosini iliyopelekwa kwa fundi. Wanakemia waliangalia lile daraja la salfa mbili, mahali panapovunjika, wakatoa salfa moja na kuweka kaboni. Pete inabaki pete, tumbo la uzazi bado linaitambua sauti yake, lakini lile fundo halifunguki ovyo. Wakaondoa kichwa cha ushanga wa kwanza, wakaongeza kofia ndogo kwa wa pili, na baadaye watu wengine wakarekebisha maji inamoelea. Matokeo ni kichupa kinachoweza kukaa kwa nyuzi 30, bila friji, angalau miaka mitatu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya kuijaribu kwa wanawake 29,645 katika nchi kumi, na Kenya ilikuwa mojawapo. Waliodungwa kabetosini, asilimia 14.5 walipoteza nusu lita ya damu au zaidi, au walihitaji dawa ya ziada ya kukaza tumbo la uzazi. Waliodungwa oksitosini, asilimia 14.4. Yaani sawa tu. Na ile oksitosini ilikuwa imetunzwa baridini kama yai, si kama yetu. Mwaka uliofuata kabetosini iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu za dunia.

Cha pili ndicho kilinifanya nicheke peke yangu kwa matatu. Miaka ya sitini daktari mmoja wa Norwe, Lorents Gran, alikuwa Kongo na Msalaba Mwekundu. Aliona wanawake wenye uchungu wakinywa chai ya majani waliyoyaita kalata-kalata ili mtoto aharakishe. Akachukua majani, akapima, na akapata kwamba kinachofanya kazi ni peptidi. Sasa subiri. Peptidi, kwa sufuria inayochemka? Halafu inywewe, ipite tumbo la chakula ambalo kazi yake ni kukatakata peptidi? Kwa kila nilichofundishwa, chai ile ilipaswa kuwa maji ya moto yenye imani.

Ilichukua mpaka 1995 kuona umbo lake. Shanga 29, na uzi hauna mwanzo wala mwisho, kichwa kimefungwa na mkia. Katikati kuna madaraja matatu ya salfa, na moja linapita ndani ya tundu linalofanywa na yale mengine mawili, fundo ambalo fundi wa nyavu angelisifu. Baadhi ya vimeng'enya vya tumbo huanza kula uzi kutoka nchani. Huu hauna ncha. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba ndugu yake mmoja, kalata B7, hushika mlango uleule ambao oksitosini hubisha. Leo wanakemia wanaazima fundo hilo, wanapandikiza ndani yake vipande vya peptidi nyingine vilivyo dhaifu ili viweze kuhimili. Na angalau jina ambalo wanawake wale waliyapa majani ndilo lililobaki kwenye vitabu.

Pasaka iliyopita nilienda nyumbani. Mama amestaafu. Nilimkuta kwa mkeka, chini ya mwembe upande wetu, akitunga shanga za kiunoni za kuuza, kazi ambayo anasema ni ya kupumzisha macho ingawa mimi naona inayamaliza. Nikaketi. Nikachukua shanga tisa kutoka kwa bakuli lake bila kuomba.

"We, hizo nyekundu ni za mtu."

"Nakurudishia, mama. Nataka kukuonyesha kitu."

Nikatunga. Nikamwonyesha pete ya sita na mkia wa tatu. Nikamwambia jina lake, akatikisa kichwa, akasema ameidunga miaka 31 na hajawahi kujua ina sura. Akaishika karibu na jicho. Nikamwonyesha mahali panapofunguka na kilichofanywa kupafunga. Nikamtungia na ile ya Kongo, si zote 29, nilichoka, lakini nikafunga ncha kwa ncha. Akaivuta kwa vidole viwili, akitafuta pa kuanzia.

"Hii wanachemsha?"

"Wanachemsha wanakunywa."

"Na kipimo? Unajuaje sufuria ya leo si kali kuliko ya jana?" Huyo ndiye mama, hata mwujiza anauulizia dozi. "Tumbo likijikaza kupita kiasi mtoto bado yuko ndani, unajua kinachotokea? Wewe hujui. Mimi najua."

Halafu akanyamaza. Upande wa pili wa mwembe tulisikia Anti akipepeta mchele.

"Hukuja kunifundisha shanga," akasema.

"Hapana."

"Sema."

Nikasema. Nilijaribu kuisema vizuri, nikamwambia hakuna anayeweza kuwa na hakika, kwamba hata kwenye ule utafiti, na dawa zilizotunzwa vizuri, karibu wanawake 14 kwa kila 100 walivuja nusu lita au zaidi, au walihitaji dawa ya ziada. Kwamba matumbo mengine hukataa tu.

"Usinifariji kwa hesabu," akasema.

"Ulikiweka shavuni, mama. Nilikuwa na tochi."

Aliendelea kutunga. Alitunga shanga tano au sita, nakumbuka kwa sababu nilikuwa naangalia vidole na si uso.

"Kilikuwa cha moto," akasema. "Kama chai iliyosahauliwa. Nilijua kinatakiwa kiwe baridi, imeandikwa kwa boksi, mimi si mjinga. Sikujua joto linakifanya nini hasa. Nilijiambia labda kimepungua nguvu, nitadunga viwili. Ningefanya nini? Nilikuwa na vinne na vyote vilitoka friji ileile."

Nikasema haikuwa makosa yake. Ni yule aliyepaswa kuleta gesi.

"Aliyepaswa kuleta gesi hakai ng'ambo ya mwembe huu."

Tukakaa. Baadaye akaniuliza ile ya kaboni inaitwaje, nikamtajia, akaniambia nitaje tena polepole. Akachukua daftari lake la mauzo, akaandika K-A-B-E-T-O-S-I-N-I chini ya deni la mtu wa vitumbua. Akauliza bei. Nikamwambia kampuni inayoitengeneza ilikubali kuiuza kwa sekta ya umma ya nchi kama zetu kwa senti 31 hivi za dola. Akahesabu kwa shilingi, akanitazama kama nimemdanganya.

"Na hapa kwetu iko?"

Nikamwambia kwamba zahanati sasa ina friji ya sola. Akasema hakuuliza friji.

Nilirudi Nairobi nikaandika haya. Sikujua kama nina haki. Anti hasomi mitandao, lakini binti yake ana simu, na yeye ndiye mtoto aliyelia usiku ule. Kwa hiyo nilimtumia mama kwanza, kwa WhatsApp, nikamwambia akisema hapana naifuta.

Wiki tatu, kimya. Tiki mbili za buluu, hakuna jibu. Nilimpigia, tukaongea kuhusu mvua. Kisha Ijumaa moja binamu yangu akaniandikia: mama yako ameshinda kwetu kutwa nzima, yeye na mama walifunga mlango, hata chakula cha mchana sikula, nini inaendelea? Nikamwambia sijui, ilikuwa kweli nusu.

Jumapili mama akatuma sauti, sekunde 19. Nyuma yake nilisikia mtu akicheka, na nadhani ni Anti, ila siwezi kuapa. Alisema nitoe jina la mtaa wa mjomba, nimelitoa. Akasema shanga nyekundu bado namdaiwa. Halafu akasema pale nilipoandika siku tisa nimekosea, yeye ndiye aliyekuwa akiandika kwenye kitabu cha friji kila asubuhi.

Zilikuwa kumi na moja.